Likizo ya Athanas

Melania alianza na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Aliimwaga yote juu ya mkeka, akachagua vipande vyeupe visivyoguswa na wadudu akaviweka upande wake, na vile vyenye vitobo akavirudisha kwenye gunia kwa ajili ya wanaobaki nyumbani. Akakaanga karanga kikaango kimoja, nyingine akaziacha mbichi. Halafu akachukua dumu dogo la maji, akalinusa, akalisuuza tena kwa sababu lilikuwa bado linanuka mafuta ya taa. Mtu asiye na hela anayekwenda kutembea kwenye jiji la ufukweni, alisema, sharti abebe jiko lake na kisima chake, maana huko hata kivuli kinauzwa.

Mkamwana wake, Hosiana, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, na sweta lake?"

"La nini tena? Si wanasema ufukweni kuna joto?"

"Jioni akitoka majini atasikia baridi."

Melania akaona maneno hayo yana maana. Akalikunja sweta, akalitia chini ya michembe, akafunga mfuko kwa kamba ya katani.

Sweta lilikuwa la Athanas, mtoto wa Melania, mume wa Hosiana. Athanas alikuwa likizo. Hivyo ndivyo alivyosema Bujiku, na Bujiku ndiye mwenye shimo, kwa hiyo alijua.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja, kwenye machimbo yaliyo nyuma ya Nyarugusu, Athanas na wenzake wawili waliteremka kwa kamba kwenye shimo la Bujiku kama walivyoteremka kila siku. Wanawake wanaoponda mawe walikuwa wamekaa chini na nyundo zao, Melania akiwa mmoja wao, na shimo lilipoporomoka hawakulisikia kwa masikio. Walilisikia kwa makalio. Vumbi likapanda, likatulia. Mchana akaja Bujiku, viatu vimepigwa dawa, akasimama kando ya lililokuwa shimo, akasema Mungu ashukuriwe, ndani hamkuwa na mtu.

"Hamkuwa na mtu vipi, na makoti yao haya hapa?" aliuliza Melania.

"Wale vijana walipata mzigo wao juzi, Mama Athanas. Wakaniaga vizuri kabisa, kwa heshima. Wamekwenda kula maisha."

"Wapi?"

"Ufukweni. Kuna jiji linaitwa Starehe, ukishapita Chato."

Akanyoosha mkono kuonyesha. Hakubabaika hata kidogo. Alinyoosha kwa utulivu wa mtu mwenye magari mawili.

Watu wakaamini, maana machimboni jambo hilo si geni. Kijana akipata dhahabu haagi kwao. Anapotea, anakwenda kuitafuna baharini, halafu anarudi na miwani nyeusi na bila nauli ya pikipiki ya kumfikisha nyumbani. Wachache hawakuamini, lakini hao hawakuwa na mashimo yao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyewauliza.

Jiji la Starehe halikuwapo mwaka uliotangulia. Watu wa mabasi wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa walikuwa wakipita pale kati ya Chato na Biharamulo na kuona mihogo tu. Lakini Bujiku alikuwa amenyoosha mkono, na wenye mashimo wengine walikuwa wamenyoosha kabla yake, kila mmoja kwa shimo lake, na mikono yote ilielekea upande mmoja. Bahari ikaona kutofika itakuwa utovu wa adabu. Ikafika, ya chumvi kabisa, pamoja na minazi yake, mahoteli yake ya ghorofa na muziki wake. Wafugaji wa jirani hawakulalamika. Waliacha kununua chumvi ya ng'ombe.

Waliopata shida ni majirani wa Melania. Msiba una taratibu zake: unaleta unga, unaleta kuni, unalala nje na wenzako. Likizo haina. Serafina, jirani wa upande wa kisimani, alifika na ungo wa unga kichwani, akasimama nje ya ua.

"Mwenzangu, nieleze vizuri. Ni msiba au si msiba?"

"Sijui, Serafina."

Serafina akafikiri. "Basi pokea nusu," akasema, akamimina nusu, na nyingine akarudi nayo kwake.

Hosiana naye hakujua avae nini. Kila jioni alipakua ugali wa mumewe, akaufunika kwa sahani nyingine, na asubuhi akawapa kuku. Kuku wakanenepa. Melania akakonda. Alitaka kitu kimoja tu: shimo lifukuliwe, mwanawe atolewe, alazwe kwenye udongo aliochimbiwa na ndugu zake, si huu uliomwangukia. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Ngassa, mtu mpole aliyempenda kila mtu, na kumpenda Bujiku zaidi kidogo.

"Mama Athanas," alisema Ngassa, "tutafukuaje mali ya mtu kumtafuta mtu aliyekwenda kutembea? Nenda kwanza Starehe kamwangalie. Ukimkosa, mimi mwenyewe nitashika sururu. Nasema mbele ya watu hawa."

Basi ndivyo Melania alivyofunga safari ya kwenda ufukweni huku akiomba, njia nzima, asimkute mwanawe.

Stendi ya Geita kondakta alimtazama na mfuko wake.

"Starehe? Kaa nyuma, mama. Mbele ni kwa wanaokwenda kuogelea."

Nyuma kulikuwa na akina mama peke yao, kila mmoja na mfuko wa michembe au matobolwa, viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, mapajani. Walipopita Chato na harufu ya samaki wa ziwa kuisha, ikaingia harufu nyingine, ya chumvi, na mwanamke mmoja akafunga dirisha kwa kuwa ilimfanya apige chafya.

Starehe lilikuwa jiji lililochangamka kwelikweli. Muziki ulitoka kila upande, na kila upande ulikuwa na muziki wake, hivi kwamba mtu akitembea alilazimika kubadili mwendo kila baada ya duka. Kulikuwa na vijana wa kuuza miwani, vijana wa kupiga picha, na vijana wa kukuambia usikae hapo. Kiti kilikuwa na malipo. Mwavuli ulikuwa na malipo. Melania aliona watu weupe na weusi wamelala kifudifudi juani kwa hiari yao, wakati yeye miaka yote alikuwa akilikimbia jua, na akaelewa kwamba ukiwa na hela hata jua la mchana linakuwa chakula. Akatandika kanga yake mahali pasipo na kiti, karibu na pipa la taka, akaanza kula.

"Mama, chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi," alisema kijana mmoja aliyevaa tai.

"Hiki si chakula, mwanangu. Ni michembe."

Kijana akainama, akaitazama. Akaondoka. Melania aliendelea kula, kipande kimojakimoja, akiwa amekifunika mdomoni kwa ncha ya kanga kama mtoto anayekula kanisani.

Alipata kitanda kwenye gesti ya nyuma kabisa, ukuta mmoja na jenereta, na kitanda chenyewe walilala wawili. Mwenzake alikuwa Lusia wa Kharumwa, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Huko Starehe akina mama hawaulizani kabila wala kanisa.

"Wewe wa shimo la nani?" Lusia aliuliza.

"La Bujiku."

"Mimi la mzee mmoja wa kwetu. Wangu yuko mbele ya hoteli ile yenye taa za bluu. Wako mpya?"

"Mpya."

"Basi atakuwa kule mwisho, penye miamba. Wapya wanawaweka kule. Usivae viatu, mchanga unaingia."

Asubuhi Melania akaenda kule mwisho penye miamba, na Athanas alikuwepo.

Walikuwa safu nzima, vijana tu, nyuso zimeelekea baharini. Walikuwa wamefukiwa mchangani mpaka kifuani, mikono ikiwa chini. Kwenye ufukwe huo ni mchezo wa kawaida. Hata watoto wa wageni walikuwa wakimfukia baba yao pale karibu, na baba alicheka, akainuka, akajipangusa. Vijana hawa hawakuinuka. Walikuwa na tochi zao kichwani, na baadhi bado zilikuwa zinawaka. Mbele ya kila mmoja mhudumu alikuwa ameweka glasi ya maji ya machungwa yenye mrija, mbali kiasi kwamba mdomo haukuufikia. Wageni walipita wakawapiga picha na kusema hawa ndio wanajua kupumzika.

"Shikamoo, mayu," alisema Athanas.

"Marahaba, ng'wana wane. Unaendeleaje?"

"Niko likizo."

"Naona. Umekula?"

"Wanaleta. Tatizo mikono iko chini."

Melania akachuchumaa, akamlisha michembe. Ilishuka polepole, kwa kuwa ilikuta mchanga njiani. Akamnywesha maji ya nyumbani kutoka kwenye dumu, akamfuta mdomo, akamzungushia sweta mabegani.

"Hili kafikiria Hosiana," alisema.

"Mwambie asante. Asinipakulie tena ugali, anaumaliza unga."

"Kunabana?"

"Kidogo. Jioni maji yakija kunabana zaidi."

Wakakaa. Mawimbi yalikuja, yakarudi. Melania alijua Ziwa tangu utotoni, na maji ya Ziwa hayana tabia hiyo ya kwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu.

"Bujiku anasema ulimuaga kwa heshima."

Athanas akacheka, mchanga ukamdondoka kwenye nyusi. "Nilimuaga? Nilimwambia matimba yameoza, ile milingoti inayoshikilia shimo, nikamwambia ikiguswa kwa kidole inaingia. Akasema tushuke tu, atanunua mingine. Labda ndiyo aliona naaga."

Halafu akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie: "Mayu, nimechoka kupumzika."

Melania akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Alikuwa amechimba maisha yake yote, mihogo, karanga, mawe, makaburi ya wengine, na mchanga wa ufukweni ni laini kuliko vyote hivyo. Akafika tumboni. Akafika kwenye mkanda wa suruali. Ndipo akaja mlinzi wa hoteli na kirungu.

"Mama, hapa hakuchimbwi."

"Namtoa mwanangu."

"Mgeni akiwa likizo hatolewi. Mpaka aje aliyemleta."

"Na asipokuja?"

Mlinzi akatazama safu ya vijana, kuanzia mwanzo mpaka kule kwenye taa za bluu. "Hawajawahi kuja," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu kazini. Akasimama pale, akizungumza habari za mvua, mpaka maji yalipopanda. Wimbi moja likaingia kwenye shimo la Melania, la pili likalijaza mchanga, la tatu likausawazisha mpaka kifuani pa Athanas kwa unadhifu, kama mtu anayetandika kitanda.

Kabla hajaondoka, Melania alichota mchanga uliokuwa umemgusa mwanawe kifuani, akaufunga kwenye pindo la kanga. Wengine ufukweni huokota kombe na kwenda nazo nyumbani. Mwanamke wa machimboni hawezi kuuona mchanga akauacha bila kuuosha, hata uwe wa wapi. Mkono unakwenda wenyewe.

Njiani kurudi alijipanga. Alikuwa amemkuta, ndiyo, na ahadi ya Ngassa ilikuwa ya kumkosa. Lakini alimkuta amefukiwa, na jambo hilo, alifikiri, litaeleweka na mtu yeyote mwenye kichwa.

Walikutana kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, wale wa machimboni na wale wa mashambani, na Bujiku akapewa kiti.

"Haya, Mama Athanas," alianza Ngassa. "Umemwona, hukumwona?"

"Nimemwona."

Watu wakashusha pumzi. Bujiku akatikisa kichwa kama mtu aliyesingiziwa na akasamehe.

"Nimemwona amefukiwa mpaka kifuani," Melania aliendelea. "Hawezi kutoka."

"Amefukiwa kwenye nini?" Bujiku aliuliza kwa upole.

"Mchangani."

"Ufukweni?"

"Ufukweni."

"Si ndiyo wanavyofanya huko!" alisema Bujiku, na waliowahi kuona kalenda zenye picha za bahari wakakubali kwamba ndiyo wanavyofanya. Mmoja alisema binamu yake pia aliwahi kufukiwa hivyo akaona raha sana.

"Kwa hiyo shimo halina mtu," alisema Ngassa, akafurahi kwamba hatashika sururu.

Melania hakubishana. Aliomba karai na maji. Mbele yao wote akafungua pindo la kanga, akamimina mchanga ule, akaanza kuzungusha karai taratibu, kushoto, kulia, maji yakitoka na mepesi, mazito yakibaki. Mchanga mweupe ukaenda. Vikabaki vipande vya mlingoti uliooza, vyeusi, na unga wa jiwe la kijivu ambalo halipatikani kwingine duniani isipokuwa kwenye shimo la Bujiku, na kila aliyekuwepo alilijua jiwe lile kama anavyojua ng'ombe wake. Na pembeni kabisa mwa karai, mwembamba, wa njano, ukalala mkia wa dhahabu.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Mchanga uliomzunguka Athanas kifuani ulikuwa umetoka chini ya miguu yao. Hosiana akavua kanga yake ya maua, akajifunga ile nyeusi aliyokuwa ameificha kiunoni, kwa kuwa sasa alijua avae nini. Serafina akainuka kwenda kuchukua ile nusu ya unga.

Bujiku akasogea. Akainama juu ya karai. Akachovya kidole kwenye ule mkia, akaugeuza juani, akautazama muda mrefu na macho yakamlengalenga machozi.

"Jamani," alisema, "mwamba unaendelea."

Kabla Melania hajamwaga maji, watu wa kuufuata mwamba huo wenye dhahabu walikuwa wameshatafutwa. Shimo jipya likaanzwa kando ya lile la zamani, Bujiku mwenyewe akichora mahali kwa kisigino. Ngassa alimwendea Melania akamshika mkono. "Unaona, Mama Athanas? Si ulitaka kuchimbwe? Kunachimbwa."

Melania akahamishia nyundo yake pale kando, akaponda mawe yaliyotoka kwenye shimo hilo, na kila jiwe alilitazama kabla ya kulipiga. Miongoni mwa wachimbaji wapya alikuwemo Fredy, mtoto wa Apolonia muuza uji, kijana wa maneno mengi. Jioni moja alipanda juu, vumbi mpaka kwenye kope, akaja moja kwa moja kwa Melania.

"Mama, leo tumesikia muziki kule chini. Na maji, yanakuja yanarudi. Halafu mtu akasema, polepole jamani, mnanimwagia mchanga."

"Sauti ya nani?"

"Ya Athanas. Amelainika kidogo sauti, lakini ni yeye."

"Mkafanya nini?"

"Tukamwamkia. Tukamwambia Bujiku kwamba umebaki urefu wa mkono mmoja tu kumfikia." Fredy akatema mate yenye vumbi. "Akasema mwamba umepinda kushoto."

Wakafuata kushoto.

Melania aliyaona matimba yaliyokuwa yakishushwa. Ilikuwa milingoti ya zamani, ile iliyovutwa kutoka kwenye kifusi, imepanguswa ikakatwa ncha. Akabonyeza mmoja kwa kidole. Kidole kikaingia. Akamwambia Bujiku, Bujiku akasema washuke tu, atanunua mingine. Akamwambia Fredy, Fredy akacheka.

"Usijali, mama. Tukipata, tunakwenda huko huko Starehe. Nikupelekee salamu?"

Mvua za kwanza zilipogusa, wanawake wakalisikia tena kwa makalio. Bujiku alikuja mchana, viatu vimepigwa dawa. Apolonia alikuwa bado ameshika kata ya uji. Bujiku akamwambia Mungu ashukuriwe, ndani hamkuwa na mtu, akanyoosha mkono ule ule, upande ule ule, na huko kati ya Chato na Biharamulo wakaongeza hoteli.

Siku ya kuondoka kwenda Starehe, Melania ndiye aliyewafungia mizigo Apolonia na akina mama wengine wa shimo jipya. Yeye sasa alikuwa mwenyeji. Aliwaambia michembe iwe myeupe, dumu lisuuzwe vizuri, sweta lisisahauliwe, na kitanda walale wawili. Kisha akawapeleka kwa fundi wa chuma aliye nyuma ya soko, akawakatia mipini ya majembe ikawa mifupi, kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa safari bila kuchungulia. Mwenyewe alikuwa ameshakwenda na lake mara kadhaa. Mara ya mwisho, kwa jembe, alimfikia Athanas mpaka magotini kabla maji hayajarudi.

Stendi ya Geita kondakta alipapasa mifuko yao, akasikia chuma.

"Akina mama, majembe yanalipiwa kama mzigo."

"Majembe gani?" Melania alimjibu. "Mtu anakwenda ufukweni na jembe?"

Kondakta akaenda mbele kuwahudumia wanaokwenda kuogelea. Melania akawakonyeza wenzake. Wakayatoa majembe kimyakimya, kila mmoja akalikalia lake, wakajifunika kanga magotini, wakatazama nje ya dirisha kama wanawake wanaokwenda kupumzika.